Haut-Koenigsbourg: ni ngome ya kweli au ya kuigiza, na mama mwenye magoti ataiweza?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kitanzania anayeishi Freiburg, Ujerumani. Mama yake mzazi, miaka 67, mzaliwa wa Old Moshi, anakuja kuwatembelea mwezi wa nane, na wanataka kumpeleka pamoja na watoto wawili (mmoja miaka 9, mwingine 4) kuona ile ngome kubwa ya juu ya mlima upande wa Ufaransa, Haut-Koenigsbourg. Ila mfanyakazi mwenzake kamwambia asipoteze muda, eti ile ni feki, Kaiser (mfalme wa Ujerumani wa enzi hizo) aliijenga miaka ya 1900, bora waende kwenye magofu ya kweli. Anauliza kama ni kweli feki, kama inafaa kwenda, na mama ambaye magoti yanamsumbua atapandaje.

Dada yangu, kwanza mpe mama shikamoo yangu. Pili, nenda. Nimewapeleka watu pale mara nyingi sana, na kazi yenyewe niliyosomea ni utunzaji wa majengo ya kale, kwa hiyo hilo neno feki naomba tulichambue vizuri, maana huyo mwenzako hajakosea kila kitu ila ameshika kipande kimoja tu cha habari.

Ngome ya kwanza kutajwa kwenye maandishi pale juu ni ya mwaka 1147, enzi za ukoo wa Hohenstaufen. Baadaye ikapita mikono ya watu wengi, mpaka ikaangukia kwa mabwana waliokuwa wanavizia wasafiri na kuwapora, na miji ya jirani ilipochoka, Strasbourg, Colmar na Basel wakaungana wakaenda kuibomoa mwaka 1462. Mwaka 1479 mfalme Frederick wa Tatu wa Habsburg akawapa magofu yale akina Thierstein, na hawa ndo waliojenga ile ngome ambayo umbo lake unaliona leo. Walijenga wakati mizinga imeshaingia vitani, ndo maana kuta za upande wa magharibi ni nene kupita kiasi, kwa sababu upande ule ndo mlima unaendelea na adui angeweza kuja kuweka mizinga yake pale akawapiga kwa raha zake. Halafu ikaja ile vita ya miaka thelathini, mwaka 1633 Waswidi wakaizingira kwa siku 52, wakaiteka, wakaichoma, na kuanzia hapo ikaachwa miti iote ndani kwa zaidi ya miaka 200. Mji wa Sélestat ulioko chini bondeni ukayanunua magofu mwaka 1865 lakini hela ya kuyatengeneza hawakuwa nayo.

Sasa hapo katikati, mwaka 1871, Alsace, yaani jimbo ilipo ngome hii, karibu yote ikawa imechukuliwa na Ujerumani baada ya Ufaransa kushindwa vita. Mwaka 1899 Sélestat wakaamua kumpa Kaiser Wilhelm wa Pili ngome ile kama zawadi. Naye akaipokea kwa mikono miwili, akamkabidhi arkitekti kutoka Berlin anaitwa Bodo Ebhardt, kazi ikaanza mwaka 1900 na ikazinduliwa tarehe 13 Mei 1908, siku ya mvua kubwa kweli kweli, na gwaride la watu waliovaa mavazi ya kale wakalowa wote.

Kwa hiyo feki iko wapi hapo? Ebhardt hakuamka tu akachora kitu cha kichwani mwake. Alifukua kifusi chote, akapiga picha, akapima kuta zilizobaki, akasoma nyaraka za zamani, akalinganisha na ngome nyingine za karne ile ile ya 15, na ndipo akaanza kujenga juu ya kuta zile zile za akina Thierstein, kwa jiwe lile lile la mchanga la rangi ya waridi lililochongwa pale pale mlimani. Sehemu kubwa ya kuta za chini unazozigusa ni za kale kabisa. Alipokosea, au tuseme alipoamua kwa mapenzi yake na ya bosi wake, ni baadhi ya vitu vya juu na vya ndani. Mnara mkuu wa mraba ulileta ugomvi mkubwa na wataalamu wenzake, walimpiga sana kwenye maandishi. Na kuna ukumbi mmoja ndani, ukumbi wa Kaiser, ambao ili uwe mrefu na wa kutisha aliacha kurudisha ghorofa moja iliyokuwepo juu yake. Hiyo si ya karne ya 15, hiyo ni ya Berlin ya 1900 na kitu.

Mimi huwa nawaambia watu wetu hivi: kwetu tumezoea mtindo mmoja wa kutunza vitu vya kale. Ukienda Kaole pale Bagamoyo au Kilwa Kisiwani, unakuta ukuta umeegemezwa usianguke, majani yanafyekwa, basi, lile jumba la Husuni Kubwa hakuna aliyelirudishia paa. Unaangalia msingi, chumba unakijenga mwenyewe kichwani. Ebhardt alifanya kinyume chake, alirudisha paa, milango, majiko ya vigae ya kupashia vyumba joto, silaha ukutani, vitanda, makabati (fanicha nyingi ni za kale kweli, zilitafutwa sehemu mbalimbali zikanunuliwa). Leo hii mtunzaji hawezi kuruhusiwa kufanya hivyo, na mimi nikiwa kazini nisingekubali. Ila kwa mtoto wa miaka 9 ambaye hajui ngome ilikuwa inafanyaje kazi, hakuna magofu yatakayomfundisha kama pale, maana anavuka daraja la kuinua, anaona mlango uko wapi na tundu la kurushia mishale liko wapi, anachungulia kisima chenye kina cha mita 62 kilichochimbwa kwenye mwamba na anaelewa mwenyewe kwa nini watu waliozingirwa waliweza kukaa siku 52 bila kufa kiu. Na serikali ya Ufaransa yenyewe, ambayo ingeweza kuidharau kwa kuwa ni kazi ya Mjerumani, mwaka 1993 iliitambua ngome nzima pamoja na ukarabati wake kama jengo la kihistoria, yaani kazi ya Ebhardt nayo saivi ni historia.

Na hapa ndo nataka nikae kidogo dada, maana umesema mama ni wa Old Moshi.

Watu wengi wanaopita pale, Wafaransa kwa Wajerumani, wanatafuta ngome ya karne ya 15. Sisi tuna sababu ya kuitazama ngome ya pili, ile ya Kaiser, kwa macho mengine. Mafundi wanaanza kazi pale mwaka 1900, na mwaka huo huo, tarehe 2 Machi, Mangi Meli ananyongwa Old Moshi pamoja na viongozi wengine wa Wachagga, Wameru na Waarusha, kwa amri ya utawala wa huyo huyo Kaiser. Kichwa chake kinaaminika kilipelekwa Ujerumani na familia bado inakitafuta mpaka leo. Mama bila shaka amesikia habari hii tangu mtoto. Kazi inaendelea, kuta zinapanda, winchi ya umeme inanyanyua mawe (kuna mpaka kichwa cha treni kilipandishwa mlimani kuvuta mawe kutoka machimboni), na mwaka 1905 Majimaji inaanza kule Umatumbi, Kinjikitile anauawa, vita inaenea kusini nzima mpaka 1907, mashamba yanachomwa, njaa inaua watu wengi kuliko risasi. Mwaka 1908 ngome inazinduliwa. Hii yote ni miaka ile ile na ni mtu yule yule, tena hata kilele cha Kibo ambacho mama amekiona kila asubuhi ya utoto wake, Hans Meyer alipokifika mwaka 1889 alikiita kwa jina la Kaiser Wilhelm, na kikabaki na jina hilo kwenye ramani mpaka kilipoitwa Uhuru baada ya nchi yetu kujitawala.

Sisemi hivi ili msifurahie siku yenu. Nasema kwa sababu maelezo ya pale yanahusu Alsace, Ujerumani na Ufaransa, hiyo ndo mada yao na wanaieleza vizuri, lakini habari yetu sisi itabidi uibebe mwenyewe. Kaiser hakuwahi kuishi pale, alikuwa anakuja kukagua na kuonyesha wageni. Alitaka ile ngome isimame mpakani magharibi kama alama kwamba Alsace ni ya Ujerumani tangu zamani na kwamba yeye ni mrithi halali wa wale wafalme wa kale, kama alivyofanya na ngome ya Marienburg upande wa mashariki, ambayo saivi iko Poland inaitwa Malbork. Ukielewa hivyo, ukumbi wake unausoma kama barua. Utamkuta tai mkubwa amechorwa kwenye dari, kazi ya mchoraji wa Strasbourg anaitwa Leo Schnug, na maneno ya Kijerumani ya kusema Mungu yuko nasi. Niliwahi kusimama chini ya yule tai na mzee mmoja kutoka Songea, hakusema kitu kwa muda mrefu, akaniuliza tu ilikuwa mwaka gani, nikamwambia, akatikisa kichwa tukaendelea.

Halafu kwenye ukumbi huo huo muangalie kikingio cha chuma cha mbele ya meko. Kiliwekwa mwaka 1918, kitu cha mwisho kabisa kuingizwa mle ndani kabla Kaiser hajaangushwa, na kimeandikwa kwa Kijerumani, Ich habe es nicht gewollt. Wewe Kijerumani unakijua, msomee mama: sikuyataka haya. Alikuwa anaongelea Vita Kuu ya Kwanza. Miezi michache baadaye, Novemba 1918, akakimbilia Uholanzi, na akafia huko huko mwaka 1941.

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ndio ulioirudisha Alsace Ufaransa na ngome ikawa mali ya dola la Ufaransa, na mkataba huo huo ndio ulioinyang'anya Ujerumani makoloni, ikiwemo nchi yetu, na ndani yake kuna kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa, ambalo lilikuja kufika Kalenga mwaka 1954. Karatasi moja, ngome ya Alsace na fuvu la chifu wa Wahehe. Mtoto wa miaka 9 anaweza kuelewa hilo akielezwa taratibu na bibi yake.

Haya, sasa mambo ya safari, na magoti.

Kutoka Freiburg nendeni na gari kama mnalo au mkodishe. Mnavuka Rhine pale Breisach, mnaipata Colmar, mnashika A35 kwenda kaskazini, hailipiwi ushuru, mnatoka maeneo ya Saint-Hippolyte halafu mnapanda kwa kona kona msituni. Wekeni kama saa moja na kidogo. Kwa treni inawezekana, mnapitia Offenburg na Strasbourg mpaka stesheni ya Sélestat, halafu kuna basi la navette, yaani la kwenda na kurudi, linalopanda mpaka ngomeni, ila hilo haliendi kila siku ya mwaka, majira ya joto lipo, angalia ratiba kwenye tovuti ya ngome wiki ile ile mnayokwenda. Kwa mama na mtoto wa miaka 4 kubadilisha usafiri mara tatu ni mateso, mimi ningechagua gari.

Paking ni pembeni ya barabara, na mwezi wa nane foleni ya magari yaliyopaki inashuka mlimani mbali sana, mtu anaweza kupaki halafu akatembea mlima robo saa nzima au zaidi kabla hajaona hata geti. Kwa hiyo usipaki kwanza. Mpandishe mama mpaka karibu kabisa na mlango, mshushe na mtu mzima mmoja na watoto, ndo dereva ashuke kutafuta nafasi. Na mfike asubuhi mlango unapofunguliwa, hii si ushauri wa kawaida tu, pale ngazi ni nyembamba na vyumba ni vidogo, kufika saa tano mchana wa Agosti ni kusukumana, mgeni anaangalia migongo ya watu badala ya vitu. Tiketi nunueni mapema kwenye intaneti mchague na muda. Wanapokea kama watu nusu milioni kwa mwaka na wengi wao wanakuja majira hayo hayo.

Kuhusu ngazi sitakudanganya, ni nyingi, na baadhi ni zile za kuzunguka ndani ya mnara, jiwe limelika katikati. Njia ya kutembelea ni ya kuzunguka, watu wanaenda upande mmoja, kwa hiyo mkishaingia ndani ya jumba kurudi nyuma ni shida. Ninavyowafanyia wazee ni hivi: ua wa chini wote anautembea bila tabu, pale kuna sehemu ya mhunzi, kuna mgahawa, kuna duka la vitabu, na anaona kuta zilivyopanda juu yake, ambayo kwa kweli ni moja ya picha bora za ngome nzima. Hapo anakaa, anapumzika, anaamua. Akiamua kuingia, mnaenda polepole, mnakaa pembeni kila chumba kupisha watu, mtu mmoja mbele yake na mmoja nyuma kwenye ngazi, na afike angalau ukumbi wa Kaiser. Wasalimieni wahudumu getini mwaeleze hali yake kabla hamjaanza, wamezoea, watawaambia wapi pa kukwepa. Fimbo yake aje nayo. Viatu vya raba vyenye soli inayoshika, si sendo, maana mawe yale yakilowa yanateleza.

Mtoto wa miaka 4 mbebeni mgongoni, kigari cha mtoto mle ndani hakipiti. Khanga ya bibi itafanya kazi vizuri kuliko kitu chochote cha dukani.

Na chukueni sweta hata kama Freiburg mmeiacha kwenye joto la nyuzi 33. Pale ni mita 757 juu ya usawa wa bahari, kuta ni nene na upepo hauna cha kuuzuia. Mama wa Old Moshi baridi hiyo hataiogopa, wajukuu waliozoea Freiburg ndo watalia.

Makaratasi: viza ya Schengen aliyopewa kuja Ujerumani inamruhusu kuingia Ufaransa muda wote ikiwa bado hai, hata kama ni ya kuingia mara moja, kwa sababu hamjatoka nje ya eneo la Schengen. Lakini pasipoti yenyewe abebe, na wewe beba kadi yako ya ukaazi, kwenye daraja la Rhine polisi wanasimamisha magari hasa wakati wa kurudi Ujerumani.

Chakula, mnaweza kula pale pale au mshuke vijijini, Saint-Hippolyte, Bergheim au Ribeauvillé, vyote vizuri na viko karibu. Vyakula vingi vya Alsace vina nguruwe ndani hata pale usipotegemea, ile flammekueche inayofanana na chapati nyembamba yenye krimu na vitunguu huwa inakuja na vipande vya nguruwe, kwa hiyo kama kuna asiyekula semeni kabla.

Mchana kama watoto bado wana nguvu, Kintzheim iko chini ya mlima ule ule, na pale kuna ngome nyingine ambayo ni gofu kweli, haina paa, na ndani yake wanaonyesha tai na ndege wengine wawindaji wakiruka juu ya vichwa vya watu. Mimi nadhani hii ndo jibu zuri zaidi kwa yule mwenzako wa kazini: zioneni zote mbili siku moja, asubuhi iliyojengwa upya, mchana iliyoachwa, na mwanao wa miaka 9 mwenyewe atakwambia ipi imemwambia nini. Kuna pia msitu wa nyani wa Afrika Kaskazini hapo hapo jirani wanaotembea huru, watoto wa Kizungu wanausifia sana, ila kwa bibi aliyetoka Moshi sijui kama ngedere na nyani ni kitu cha kulipia kiingilio, hilo mtaamua wenyewe.

Na muda: msiwape ngome chini ya masaa mawili na nusu. Wengi wanaikimbia kwa saa moja. Mwisho wa mzunguko mtatokea kwenye ile bastioni kubwa ya magharibi, yaani boma nene la ulinzi lililotokeza nje, kule kwenye mizinga, na kama siku haina ukungu ukigeuka kuangalia bondeni utaiona tambarare yote ya Alsace na ng'ambo ya Rhine milima ya Black Forest imekaa kama ukuta wa buluu. Katikati ya tambarare kuna vilima vidogo vimejitenga peke yake, hivyo vinaitwa Kaiserstuhl, maana yake kiti cha Kaiser, ila huyo ni kaiser mwingine wa zamani sana. Nyuma yake ndo Freiburg. Muoneshe mama hapo, mwambie nyumba ya wajukuu zake iko pale, na piga picha yake akiwa anaangalia huko.